Kasta, cheti na alama: namna ya kusoma mgawo wa nafasi katika mtihani wa UPSC wa India

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa utumishi wa umma wa India yakitoka, mitandao huwaka moto. Huyu analalamika kwamba mwenye alama 900 kapata kazi na mwenye 950 kakosa, yule anamjibu kwa historia ya dhuluma za karne na karne, na mara nyingi wote wawili hawajawahi kufungua waraka wa kanuni. Ikiwa wewe ni mwanafunzi uliyeko Pune au Delhi, mwandishi wa habari, au unafuatilia tu siasa za India, nakushauri uziache kelele kando ufuate karatasi. Watu hugombania asilimia, lakini hatima ya mtahiniwa mmoja mmoja huamuliwa na mambo madogo: kasta yake imo kwenye orodha ipi, cheti chake kina tarehe gani, na kama kuna nafuu yoyote aliyoitumia njiani.

Nitaueleza mtihani mmoja tu, ule wa UPSC, yaani Tume ya Utumishi ya Muungano, unaotoa maofisa wa IAS (utawala), IPS (polisi), IFS (mambo ya nje) na idara nyingine kadhaa za serikali kuu. Una hatua tatu: mchujo, mtihani mkuu wa kuandika na usaili. Mitihani ya majimbo ina sheria zake, nitaigusa mbele.

Hatua ya 1: Zijue asilimia, na ujue "wazi" ni nini

Katika ajira za serikali kuu zinazoshindaniwa nchi nzima, mgawo uko hivi: Kasta Zilizoorodheshwa (SC), ambao wengi wao hujiita Dalit, asilimia 15, Makabila Yaliyoorodheshwa (ST), yaani Adivasi, asilimia 7.5, Makundi Mengine Yaliyo Nyuma (OBC), asilimia 27, na wenye hali duni ya uchumi (EWS), asilimia 10. Jumla ni 59.5. Zinazobaki, 40.5, ndizo nafasi za wazi.

Hapa ndipo wengi huteleza. Nafasi za wazi si mgawo wa kasta za juu. Ni za yeyote: Dalit, Adivasi, OBC, Brahmin wa kasta ya juu, mwanamke, mwanamume, almradi alama zake zifike na hajabebwa na nafuu yoyote.

Asilimia hizi hazikuzaliwa siku moja. SC na ST wana msingi wa tangu Katiba ya 1950, ambayo B. R. Ambedkar aliongoza kamati ya kuiandika. Ibara ya 16(4) ndiyo inayoiruhusu serikali kutenga ajira. OBC walingoja sana. Tume iliyoongozwa na B. P. Mandal ilimaliza ripoti yake Desemba 1980, ikakaa kabatini karibu miaka 10, hadi Waziri Mkuu V. P. Singh alipotangaza Agosti 1990 kwamba ataitekeleza. Vijana wa vyuo wakamiminika barabarani, wengine wakajichoma moto. Mahakama ya Juu ya nchi, katika kesi ya Indra Sawhney ya Novemba 1992, ikaukubali mgawo wa asilimia 27 kwa masharti mawili: jumla isizidi nusu ya nafasi, na OBC wenye uwezo waondolewe. EWS ilikuja 2019 kwa marekebisho ya 103 ya Katiba, na mwaka 2022 majaji 3 kati ya 5 wakaipitisha. Ile "nusu" ya 1992 ikawa imevukwa, na mjadala wake haujaisha.

Sasa tazama matokeo ya mtihani wa 2023. Waliopendekezwa walikuwa 1,016: wa jumla (wasio na kundi lolote la mgawo) 347, EWS 115, OBC 303, SC 165, ST 86. Ukipiga hesabu, wa jumla ni kama asilimia 34 tu, si 40.5. Watu hulishika hilo na kudai nafasi zimeibwa. Hazijaibwa, sababu utaikuta hatua ya 6.

Hatua ya 2: Tafuta orodha sahihi

Mtu hawi SC kwa sababu familia yake imebaguliwa. Anakuwa SC kwa sababu kasta yake imetajwa kwenye Amri ya Rais, chini ya jina la jimbo lake. Wadhobi, ambao kazi yao ya jadi ni udobi, ni SC Uttar Pradesh lakini Gujarat ni OBC. Familia ikihama kutoka jimbo moja kwenda jingine, haki inabaki ilikotoka asili yake.

Kwa SC kuna sharti la dini pia: awe Mhindu, Sikh au Mbuddha. Dalit aliyebatizwa au aliyesilimu hatambuliwi kama SC, hata kama mtaani bado anatengwa vilevile. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele kigumu kukitetea kuliko vyote katika mfumo mzima. Kwa ST hakuna sharti la dini, ndiyo maana Wakristo wa Nagaland na Mizoram wanaingia bila tatizo.

OBC wana mtego mwingine: orodha mbili. Kuna ya jimbo na kuna ya serikali kuu, na UPSC inatazama ya serikali kuu peke yake. Mmaratha wa Maharashtra anaweza kuwa na cheti halali cha jimbo lake na bado kwa UPSC kisimsaidie kitu, kwa kuwa Wamaratha hawamo kwenye orodha ya kitaifa. Akitimiza masharti ya kipato ataomba kama EWS. La sivyo anaingia na watu wa wazi. Wajat nao waliingizwa kwenye orodha ya kitaifa kwa majimbo 9 mwezi Machi 2014, kabla tu ya uchaguzi, na mwaka uliofuata mahakama ikawatoa.

Basi jambo la kwanza ni kufungua orodha ya kitaifa, kutafuta jimbo, kisha jina la jamii kwa tahajia ileile iliyoandikwa humo. Tahajia si mchezo. Herufi moja ikitofautiana na ya kwenye cheti, ofisa wa uhakiki atauliza.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kipato, kila kundi kwa fomula yake

SC na ST hawapimwi kipato kwenye mtihani huu. OBC na EWS wanapimwa, na wote wawili kikomo ni laki 8 za rupia kwa mwaka. Kwa kuwa namba ni moja, watu hudhani hesabu ni moja. Si moja hata kidogo.

Kwa OBC kinachotafutwa ni kama mtahiniwa yumo kwenye kile Wahindi wote wanachokiita krimi leya, yaani tabaka la waliokwisha kupanda. Akiwemo, anapoteza haki ya mgawo. Wanaopimwa ni wazazi wake, si yeye wala mwenzi wake. Na wazazi wakiwa waajiriwa wa serikali, kinachotazamwa ni cheo. Mzazi mmoja akiwa aliingia moja kwa moja kwenye Kundi A (ndilo kundi la maofisa wa juu), mtoto ni krimi leya. Wazazi wote wawili wakiwa waliingia moja kwa moja Kundi B, vilevile. Baba aliyeingia moja kwa moja Kundi B akapandishwa hadi Kundi A akiwa na miaka 40 au chini yake, vilevile. Akipandishwa akiwa na 41, mtoto yuko salama.

Kipimo cha laki 8 kinakuja baada ya hapo, na hakihesabu mshahara wala mapato ya shamba. Kinahesabu biashara, kodi za nyumba, riba na kadhalika, na ni mpaka kipato kizidi kikomo kwa miaka 3 mfululizo. Kwa hiyo karani wa serikali ambaye mshahara wake umeshapita laki 8, na ana ekari zake za ngano kijijini, mtoto wake bado ni OBC halali. Jirani yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi linaloingiza laki 9 kila mwaka, mtoto wake hapati. Wengine wanauona huu ni upuuzi. Wengine wanasema mshahara wa baba haujawahi kufuta kasta. Tume ya Mandal yenyewe ilisisitiza unyuma wa kijamii, si umaskini wa mfuko.

EWS ni kinyume chake. Kila senti inahesabiwa: mshahara, shamba, biashara, taaluma, kwa mwaka wa fedha uliotangulia maombi. Familia hapa ni mtahiniwa, wazazi wake, ndugu zake wa chini ya miaka 18, mwenzi wake na watoto wake wa chini ya miaka 18. Halafu kuna mali. Familia ikiwa na ekari 5 au zaidi za shamba, au fleti ya futi za mraba 1,000 na kuendelea, au kiwanja cha makazi cha yadi za mraba 100 ndani ya manispaa zilizotajwa (200 nje ya hizo), imetoka, hata kama kipato ni sifuri. Na mtu wa SC, ST au OBC hawezi kuomba EWS hata awe fukara namna gani. Hilo ndilo lililowafanya majaji 2 kati ya 5 wapinge mwaka 2022.

Hatua ya 4: Cheti kwanza, vitabu baadaye

Nimeipa nafasi hatua hii kwa sababu inawaangusha watu waliokwisha kufaulu. Cheti hutolewa na mkuu wa wilaya, naibu wake, au tehsildari, yule ofisa wa mapato wa ngazi ya chini ya wilaya. Foleni ni ndefu. Anza miezi kadhaa kabla ya tangazo la mtihani.

Kitazame cheti cha OBC kwa karibu. Kinatakiwa kiwe kwa fomu ya serikali kuu, si ya jimbo. Kina jina la mtahiniwa, la baba, kijiji, wilaya, jamii yake, na azimio la serikali lililoiingiza jamii hiyo kwenye orodha. Kisha kuna sentensi moja ndefu ndiyo roho ya karatasi nzima: inathibitisha kwamba mtu huyu hayumo katika krimi leya iliyotajwa kwenye safu ya 3 ya jedwali la waraka wa tarehe 8 Septemba 1993. Sentensi hiyo isipokuwepo, hicho si cheti cha kutumia UPSC, hata kiwe na mhuri mkubwa na saini nzuri kiasi gani.

Kwa EWS angalia mwaka wa fedha. Mtihani wa 2022 ulidai cheti cha mapato ya mwaka 2020-21, kiwe mkononi ifikapo siku ya mwisho ya maombi, 22 Februari 2022. Kuna watahiniwa waliofika hadi usaili, ndipo ikaonekana vyeti vyao ni vya mwaka mwingine, au vilitolewa baada ya tarehe hiyo, au fomu ina kasoro. Walikwenda hadi mahakama ya juu kabisa, na Oktoba 2023, katika kesi ya Divya, wakashindwa. Mahakama ilisema tarehe ya mwisho ni ya wote. Fikiria umemaliza karatasi 9 za mtihani mkuu, unarudishwa kwa kukosa mhuri wa tarehe sahihi.

Hatua ya 5: Jaza fomu ukijua kila kisanduku kinagharimu nini

Kundi unalolijaza si la kubadilisha ukiona mambo yamekwenda upande. Umri unahesabiwa tarehe 1 Agosti ya mwaka wa mtihani: chini kabisa miaka 21, juu ni 32 kwa wa jumla na EWS, 35 kwa OBC, 37 kwa SC na ST. Majaribio ni 6 kwa wa jumla na EWS, 9 kwa OBC, na kwa SC na ST hayana idadi mradi umri unaruhusu. Kujaza fomu hakuhesabiwi jaribio. Kukalia hata karatasi moja ya mchujo kunahesabiwa. Ada ya mchujo ni rupia 100. Wanawake, SC, ST na wenye ulemavu hawalipi, ila OBC na EWS wa kiume wanalipa.

Kifungu cha uraia nacho kinamhusu msomaji wa kwetu. IAS, IPS na IFS ni za raia wa India peke yao. Kwa idara nyingine, kanuni zinamruhusu pia mtu mwenye asili ya India aliyehamia kutoka nchi zilizotajwa kwa majina, na humo zimo Kenya, Uganda, Tanzania na "Zaire", kwa nia ya kuishi India moja kwa moja, akipata hati ya ustahiki ya serikali. Jina Zaire limeachwa humo miaka mingi baada ya nchi yenyewe kubadili jina.

Hatua ya 6: Soma alama za kukatia

Kwanza mchujo. Karatasi ya pili, ya hesabu na ufahamu, inadai asilimia 33 kwa kila mtu bila kujali kundi. Karatasi ya kwanza ndiyo inayochuja. Mwaka 2023 alama za mwisho zilikuwa 75.41 kwa wa jumla, 74.75 OBC, 68.02 EWS, 59.25 SC na 47.82 ST, kati ya 200. Pengo la wa jumla na OBC halifiki alama moja. Hilo wapiga kelele hawalisemi.

Alama za mchujo haziingii kwenye hesabu ya mwisho. Tina Dabi, mtahiniwa wa SC, alikuwa na 96.66 kwenye mchujo wa 2015, wakati wa jumla walikatiwa 107.34 na SC 94. Akaandika mtihani mkuu, akahojiwa, akawa wa kwanza nchi nzima.

Hesabu ya mwisho ni alama 2,025: karatasi 7 za mtihani mkuu zenye 1,750, na usaili 275. Mwaka 2023 aliyeingia mwisho kwa upande wa jumla alikuwa na 953, EWS 923, OBC 919, ST 891, SC 890. Kutoka 953 hadi 890 ni alama 63, yaani asilimia 3 na kidogo ya mtihani wote. Na wa mwisho wa jumla mwenyewe hakufikia nusu ya alama.

Sasa lile la asilimia 34. Mtahiniwa wa SC, ST, OBC au EWS akifikia kiwango cha jumla bila kutumia nafuu yoyote, anahesabiwa kwenye nafasi za wazi na halitafuni fungu la wenzake. Nafuu ni umri wa ziada, majaribio ya ziada, au kupita hatua yoyote kwa alama ya chini ya kundi. Msamaha wa ada haumo kwenye orodha hiyo. Basi OBC wa miaka 33 anaweza kupata alama za juu kuliko wengi wa wazi na bado akahesabiwa OBC, kwa kuwa bila nafuu ya umri asingeruhusiwa kuingia chumba cha mtihani.

Lakini huyu aliyefaulu kwa kiwango cha jumla ana tatizo lake. Tuseme ni OBC, na kwa nafasi yake kwenye orodha ya wazi anaangukia idara ya kodi. Kama angehesabiwa OBC, angepata IAS. Aadhibiwe kwa kufaulu vizuri? Kanuni inamruhusu achague idara kwa kutumia fungu la kundi lake, na mahakama iliibariki mwaka 2010 katika kesi ya Ramesh Ram. Akifanya hivyo, nafasi ya wazi aliyoiacha inajazwa na mtu wa jumla kutoka orodha ya akiba. Ili hilo liwezekane, UPSC hushikilia idadi fulani ya nafasi za wazi kwenye tangazo la kwanza. Mwaka 2023 nafasi zilikuwa 1,143, wakatangazwa 1,016. Zile 127 hazikupotea, zilikuwa zinangoja.

Hatua ya 7: Ongeza mgawo wa mlalo

Wenye ulemavu wana asilimia 4 chini ya sheria ya 2016, lakini hizi hazijumlishwi kwenye 59.5. Zinakata ndani ya makundi yote: mlemavu wa macho ambaye ni SC anahesabiwa ndani ya SC, wa jumla ndani ya wazi. Wanapata miaka 10 ya ziada, na majaribio 9 kwa wasio SC au ST. Wanawake hawana fungu lao UPSC. Bihar wanalo, asilimia 35 katika ajira za jimbo.

Ikiwa unatazama mtihani wa jimbo

Tupa namba zote za juu uanze upya. Tamil Nadu inatenga asilimia 69, na imejikinga kwa kuiweka sheria yake kwenye Jedwali la Tisa la Katiba mwaka 1994. Bihar ilijaribu 65, mahakama ya Patna ikaifuta Juni 2024. Tangu hukumu ya majaji 7 ya tarehe 1 Agosti 2024, majimbo yana ruhusa ya kuligawa fungu la SC lenyewe, ili kasta zilizo chini zaidi zisimezwe na zile zilizotangulia shule. Kwa hiyo soma tangazo la mwaka huohuo, si la mwaka jana.

Hatua ya 8: Usitupe karatasi baada ya kufaulu

Ajira ya kwanza ni ya muda mpaka cheti kihakikiwe wilayani kilikotoka. Mwaka 2017 mahakama ya juu iliamua kwamba aliyeingia kazini kwa cheti cha kasta cha uongo anapoteza kazi, hata awe ametumikia miaka mingi. Julai 2024 UPSC ilifuta ugombea wa ofisa mwanafunzi mmoja wa IAS baada ya kukuta kwamba alizidisha majaribio yanayoruhusiwa kwa kubadilisha jina lake na ya wazazi. Tume ikasema imepitia kumbukumbu za zaidi ya watu 15,000 waliopendekezwa kuanzia 2009 hadi 2023. Kwa hiyo weka nakala halisi za cheti cha kasta, cha shule kinachotaja jina la baba, na za ajira au mapato ya wazazi kwa miaka yote iliyodaiwa, na majina yasomeke sawasawa kwenye zote.